Aliyemwita Mama Nasibu

Siku ya kwanza Chiku kumsemesha Ussi alimwambia hajui kuchora, na alimwambia mbele ya wateja.

Alikuwa amefuata simu yake iliyopasuka kioo. Ussi, fundi simu wa pale Kibiti, mwenye kibanda cha bluu mkabala na wauza korosho, alikuwa amempa mgongo, kainamia laptop iliyong'oka herufi tatu, anahangaika na mstari mmoja tangu asubuhi. Alitaka mstari ule ukunje taratibu kama ukingo wa sahani. Programu ya kuchorea bodi za saketi ilikuwa inampa vipande vilivyonyooka tu, au ndivyo alivyodhani, kwa hiyo akawa anaunga kipande kwa kipande, arobaini, hamsini, mpaka kitu kikafanana na ngazi iliyoanguka.

"Hilo duara au meno ya msumeno?" Chiku akauliza.

Watu wakacheka. Ussi akajibu bila kugeuka kwamba ile ni shaba, si mapambo, na asiyejua vitu achukue simu yake aende. Chiku hakwenda. Yeye kazi yake ilikuwa kupaka hina maharusi, pale saluni kwa mama yake mdogo, na kuambiwa hajui mstari ni sawa na mpishi kuambiwa hajui chumvi.

"Mimi nachora mkono mzima mpaka kwenye kiwiko na sijawahi kuunga," akasema. "Unaweka mwanzo, unaweka mwisho, halafu unasukuma tumbo. Wewe unauvuta mstari kama unavuta mbuzi."

Ussi akageuka amjibu. Jibu likapotelea njiani.

Na Ussi hakuwa mtu wa kukosa jibu. Shule aliiacha kidato cha pili baada ya kumwambia mwalimu wa fizikia kwamba saketi aliyoichora ubaoni haiwezi kuwasha taa. Waliiunga, haikuwasha, na ikawa kosa la Ussi. Madrasa alikuwa ameiacha kabla ya hapo, kwa mdomo huohuo. Vyote alivyovijua alivitoa kwenye simu mbovu za watu na kwenye video alizozitazama kwa bando la wizi kutoka kwa jirani. Sasa binti mwenye vidole vyeusi kwa piko, ile hina nyeusi, amemfunga mdomo kwa sentensi mbili. Alipoondoka, Ussi akaanza kupekua ile programu, na kumbe chombo kilikuwepo siku zote, kimejificha chini ya kingine: unabofya mwanzo, unabofya mwisho, halafu unasukuma tumbo.

Kesho yake alimpigia simu kwa namba aliyoinakili kwenye simu yake wakati anaitengeneza. Si adabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kitu alichokuwa anakichora ni kisahani. Bodi ya duara, upana wa kiganja, inayofungwa chini ya bomba la plastiki, na bomba linasimikwa kwenye shamba la mpunga. Juu yake njia mbili za shaba zinazunguka zikifuatana kutoka ukingoni mpaka katikati bila kugusana. Maji yakipanda yakazifunika, yanaziunganisha, na simu ya mwenye shamba inalia. Kazi yake ni hiyo tu. Visahani vya kwanza alivichora kwa kona kona, akavipeleka kwa wakulima wa delta, upande wa Salale, na kabla ya mwezi kuisha tope la chumvi lilijibanza kwenye zile kona, shaba ikaliwa, vikaanza kulia kukiwa kukavu. Mzee mmoja alibeba wajukuu na magunia mpaka kwenye mwinuko, akageuka nyuma akaliona shamba lake limekauka kama sakafu. Alimpigia Ussi akamtukana mpaka salio likaisha.

Kona zilibidi ziondoke. Chiku ndiye aliyeziondoa.

Alikuwa anakuja alasiri, saluni ikipoa. Anaweka kidole kwenye kioo cha laptop, hapa. Ussi anabofya hapo. Anaweka tena, hapa, Ussi anabofya. Halafu anaanza kumwamrisha, sukuma, sukuma, basi, umezidisha, rudisha kidogo. Mstari unavimba pole pole kama mkate wa mofa. Njia moja ikiikaribia mno nyingine, programu inaweka alama nyekundu, na Chiku anasema huyu naye ana wivu. Karibu na katikati shaba ilibidi inenepe, maana ndipo tope linapotua, kwa hiyo pale hawakuchora mstari, walichora maumbo mazima ya kujaza shaba, mawili yaliyopinda yakiangaliana. Chiku akayaita korosho. Yakabaki na jina hilo.

Tusidanganyane: kazi ya wiki moja ilichukua miezi miwili. Ussi alikuwa anafuta tao lililopinda vizuri kabisa ili lichorwe upya kesho. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, lakini alichokuwa anakiona ni kile kidole, na rangi iliyofifia ukuchani, na namna kilivyokuwa kinasita kabla ya kushuka. Chiku alijua. Mwanamke anajua. Siku moja akasita zaidi ya kawaida, akageuza shingo, wakatazamana, na laptop ikajizima yenyewe kwa sababu ya betri, na hakuna aliyeishughulikia.

"Chiku, mimi sina cheti," Ussi akasema. "Baba alituacha, simjui. Mama yangu amekufa. Na mdomo wangu unaniponza. Ila nataka nikuoe."

"Sema tena," Chiku akasema, "uanzie mwisho."

Akasema tena, akaanzia mwisho. Chiku akafunga mtandio wake vizuri, akasimama, akamwambia kama ni hivyo, basi njia ya nyumbani kwao Mkongo anaiuliza ya nini, kila mtu anaijua.

*

Mkongo walikuwa na maneno yao. Baba yake Chiku, Mzee Zaidi, alikuwa marehemu, kwa hiyo walii wa kumwozesha alikuwa baba yake mdogo, Saadi, mtu wa mpunga na wa msikiti, asiyependa kitu asichokielewa. Yeye alikuwa ameshamwona mwalimu mmoja wa sekondari, mwenye pikipiki na adabu. Habari za fundi simu aliyekimbia shule alizipokea kwa kusema kwamba simu ikiharibika ataletewa, lakini mtoto hajaharibika. Aliyemtetea Ussi alikuwa mama yake Chiku, Bi Habiba. Hakuwa amemwona hata picha. Alichosema ni kwamba kijana anayehangaika na mashamba ya watu wasio ndugu zake lazima ana moyo, na kwamba yeye kabla hajafa anataka mkwe wa kuongea naye, si wa kumwonyesha pikipiki. Alirudia hivyo wiki baada ya wiki, mpaka shemeji yake akachoka akasema sawa, na aje, tena aje na hicho kidude chake.

Ndipo ikafika Jumamosi ile.

Ussi alivaa kanzu ya kuazima, iliyomfika juu ya vifundo. Kisahani kipya, kimetoka kiwandani wiki ile ile kupitia wakala wa Dar, alikuwa amekifunga kwenye leso kama yai. Chiku alikuwa ametangulia siku mbili kabla, akisaidia kupika. Barazani palitandikwa mkeka, Mzee Saadi akakaa upande mmoja, kofia imenyooka, na Bi Habiba kwenye kigoda kando ya mlango, anasuka ukili. Mikono yake haikusimama hata alipokuwa anaitika shikamoo. Kwa macho lakini alimpokea. Alimtazama kuanzia ile kanzu fupi mpaka usoni, akatabasamu kidogo, na Ussi akajisikia kama ameingia kwao. Chiku alikuwa ndani ya mlango, kwenye kivuli. Ussi alimwona kitambaa tu, na jicho moja.

Mzee Saadi akakipokea kisahani, akakigeuza geuza kwenye mwanga.

"Hiki ndicho kilichokufanya usimalize shule?"

"Hapana, mzee. Shule niliacha kabla. Hiki nimejifunza kwa hasira."

"Na hii mizunguko? Umemchorea nani hina?"

Ussi akasema mizunguko si yake, ni ya Chiku, na kama ingekuwa yake kingekuwa kinalia muda huu bila maji. Kule mlangoni kitambaa kikatikisika. Hata Bi Habiba akacheka.

Wakaleta beseni. Ussi akaunganisha kisahani, akampa Mzee Saadi simu aishike mwenyewe, akamwagia maji kwa kikombe, taratibu, yakapanda mpaka yakafunika zile korosho za katikati. Simu ikalia mkononi mwa mzee. Mzee Saadi akashtuka, akaitazama, akatazama beseni. Akataka irudiwe. Ikarudiwa. Akataka amwage maji yeye, akavua kofia, akamwaga, ikalia, akacheka cheko la mtu aliyepewa kitu utotoni akanyang'anywa na leo amerudishiwa. Akasema mwaka juzi yeye alipoteza ekari tatu bondeni akiwa amekaa hapa hapa anakunywa uji, maji yanapanda hana habari. Akauliza betri inakaa muda gani. Akauliza tembo akipita atakikanyaga au la. Ussi akajibu yote, na kila jibu alikuwa anaona mlango unafunguka kidogo zaidi.

Kisha Mzee Saadi akauliza lile swali, kwa wema kabisa.

"Lakini wewe mtoto wa lami. Kibiti hakuna mto. Mafuriko unayajulia wapi?"

Ussi angeweza kusema lolote. Angeweza kusema aliona kwenye taarifa ya habari. Lakini alikuwa na furaha, na mdomo wake ukiwa na furaha ni hatari kuliko ukiwa na hasira. Hadithi hii hakuwahi kumsimulia hata Chiku, kwa sababu ni hadithi ya ziwa, ya kunyonyeshwa, na hadithi ya ziwa humsimulii msichana unayemtaka. Leo aliona imepata pahala pake. Leo itamwonyesha huyu mzee kwamba na yeye ni mtu wa bonde.

Akasema yeye mafuriko yalimkuta ana miezi minne, Ngorongo, ule mwaka wa mvua za Elnino. Wazazi wake walikuwa wanalinda mpunga, wanalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti. Maji yakaja yakawazunguka, chini hakuna ardhi tena. Na mama yake ana jipu kwenye ziwa na homa kali, maziwa yamekauka, mtoto analia mpaka sauti inakatika.

"Dungu la jirani lilikuwa hatua kama ishirini," Ussi akasema. "Kulikuwa na mama mmoja. Baba akanitia kwenye beseni, akanibeba kichwani, maji yamemfika kifuani, akanipeleka. Yule mama akaninyonyesha siku kumi na moja, mpaka mtumbwi ulipokuja. Baada ya hapo kila mtu na njia yake. Mama yangu alimtafuta miaka mingi, hakumpata. Mpaka anakufa hakuwahi kuswali bila kumwombea dua. Hata jina lake halisi hakulijua. Alikuwa anamwita Mama Nasibu."

Mikono ya Bi Habiba ikasimama.

Ukili ukamtoka mapajani, ukajisokota chini. Hakuuokota. Nyumba ile haikuwa imelisikia jina hilo miaka ishirini na saba. Alikuwa Mama Chiku, alikuwa Bi Habiba, alikuwa mke wa Zaidi. Nasibu alikuwa mtoto wake wa kwanza, na mtoto akishakufa watu wanaacha kumwita mama yake kwa jina lake, kwa huruma.

"Mama yako nani?" akauliza.

"Bi Warda."

Jina halikumwambia kitu. "Mtoto wake mkubwa?"

"Dada yangu, Kudra."

"Mama Kudra," Bi Habiba akasema pole pole. "Hakuwa akikutaja kwa jina. Ulipewa jina la mkwewe, anaona haya kulitaja. Alikuwa anakuita Babu."

Ni kweli. Mpaka anakufa mama yake alimwita Babu.

Sasa tazama ujinga wa mtu mwenye furaha. Ussi alidhani Mungu amemfungulia. Aliruka pale alipokaa, akampigia magoti Bi Habiba, akamshika miguu, akalia waziwazi mbele ya watu, anasema mama, mama yangu alikutafuta, alikutafuta mpaka Utete, ni wewe, kumbe ni wewe. Na Bi Habiba akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa kama anayetafuta kitu alichokiacha pale. Ussi akainua uso, amtafute Chiku, amwone na yeye anavyofurahi.

Chiku alikuwa ametoka mlangoni. Amefunika mdomo kwa kiganja. Yeye madrasa alimaliza.

"Kaa chini, kijana," Mzee Saadi akasema. Sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Kaa chini, mwanangu."

Akamweleza. Alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Kwamba anayekunyonyesha ukiwa mchanga ni mama yako. Kwamba wanawe ni ndugu zako, waliozaliwa kabla na waliozaliwa baada, hata kama hamkulala kitanda kimoja siku moja. Unaweza kuishi nao nyumba moja bila wao kujitanda, unaweza kusafiri nao, unaweza kuwazika. Kuwaoa, haiwezekani.

"Asubuhi nilikuwa nimekusudia kukukatalia kwa maneno yangu," akasema. "Sasa hivi nilikuwa nimekusudia kukubali. Wallahi sifurahi."

Ussi akauliza kama hakuna namna. Mzee Saadi akasema yeye si mjuzi, alichosikia kwa masheikh ni kwamba lazima iwe mara tano, mara tano za kushiba. Chini ya hapo haihesabiwi. Akaokota kofia yake. Akasema anamfuata Maalim Yussuf, wakishaswali alasiri watakuja, na shemeji yake ajitayarishe kuulizwa, maana mwingine wa kuulizwa hakuna.

Akaondoka. Beseni likabaki pale na maji yake.

*

Wakabaki watatu. Kuku akaja akanywa kwenye beseni.

Bi Habiba ndiye aliyeanza, na hakuwa anamwambia mtu. Akasema Nasibu alikufa kwa homa, miezi mitano. Walimzika Jumatatu, na Jumatano maji yakaja yakafunika kaburi likiwa bado bichi. Yeye akapandishwa kwenye dungu maziwa yamejaa, hayana wa kuyanywa, na ziwa lililojaa linauma kuliko jino. Alikuwa anayatazama yale maji chini na kuyatamani.

"Ndipo akaja mtu na beseni kichwani," akasema. "Nilimwambia akurudishe. Nilimwambia hayo ni maziwa ya mtu. Akakulaza miguuni kwangu akaondoka, maana mkewe anakufa kule. Ukalia. Nikasema nitakuacha ulie. Nikashindwa."

Chiku alikuwa amekaa kwenye kizingiti, magoti yamekutana na kidevu. Ussi hakuthubutu kumtazama. Alikuwa anafanya hesabu. Kichwa chake kilikuwa kimeshakwenda kule ambako kichwa cha mwenye njaa kinakwenda.

"Mama, nani mwingine aliona?"

"Mume wangu, Zaidi. Amekufa. Na baba yako."

"Baba yangu hata kama yu hai hakuna anayejua alipo."

"Basi ni mimi na Mungu."

"Basi sema mara tatu."

Chiku akamwita jina, kwa sauti ya chini. Ussi hakusimama. Alikuwa hivyo maisha yake yote, akianza hasimami. Akasema nani atakayeumia? Akasema zile siku kumi na moja ni masimulizi tu, mama yake hakuwepo kwenye dungu hilo. Akasema yeye hakumbuki ziwa, hakumbuki dungu, alikuwa kitu kidogo kisichojua mchana wala usiku, itakuwaje kitu asichokijua kimnyang'anye kitu anachokijua. Akasema amemtafuta Chiku bila kujua anamtafuta, na ameshachora naye, ameshapanga naye nyumba chumba kwa chumba. Akasema mara tatu, mama, nne hata. Neno moja tu, na mimi nitakutunza mpaka unaingia kaburini.

Bi Habiba alimtazama mtu mzima huyu aliyepiga magoti mbele yake, ndevu zimeanza kujaa, anaomba. Na labda alichokuwa anakiona ni mtoto anayelia tena, na yeye mtoto akilia hakuwahi kuweza.

"Utamtunza?" akauliza.

"Wallahi."

"Hutampiga, hutamwacha Kibiti ukaenda Dar kutafuta mwingine?"

"Wallahi, mama."

"Basi nitasema mara tatu."

Akainama akaokota ukili wake, akaanza kusuka. Ussi hakujua kusuka, lakini hata yeye aliona kwamba chane za ukili zinakwenda ovyo, moja inaruka mbili, mbili zinapanda moja, na yule mama hazitazami. Anasuka, machozi yanashuka mpaka kidevuni, hayafuti. Midomo yake inatembea. Ussi akasogea amsikie. Alikuwa anajifundisha. Mara tatu. Nilimnyonyesha mara tatu tu. Maziwa yalikuwa hayatoki. Mara tatu.

Chiku akainuka pale kizingitini. Akaingia ndani.

Ussi akakaa anangoja. Amepata alichokitaka, na alikitafuna kama mtu mwenye homa anavyotafuna wali, anajua ni wali, ladha haipo. Akasikia adhana ya alasiri. Akasikia ndani vyungu vinagongana, mtu anapakua. Akajiambia akishaoa yataisha. Akishaoa atamletea huyu mama redio, atamjengea choo cha kisasa, yataisha.

"Ussi."

Sauti ilitoka ndani, vyumbani, si mlangoni.

"Njoo ule."

"Nilete... niletee hapa barazani," Ussi akasema. Kijana aliyekuja kuposa haingii vyumbani.

"Barazani wanakula wageni," Chiku akasema. "Njoo ndani."

Bi Habiba akaacha kusuka.

Ussi akavua viatu. Akapita mlangoni, akapita ukumbini penye magunia, akafika chumba cha ndani ambako mkeka ulitandikwa, na sinia la wali na kambare wa nazi linatoa moshi. Chiku alikuwa amepiga magoti kando ya sinia, ameshika birika la kunawia. Alikuwa kichwa wazi.

Miezi yote hiyo Ussi amekuwa akimjua. Amemwona akicheka, akigomba, akilala ameegemea meza ya simu mbovu. Nywele zake hajawahi kuziona hata unywele mmoja. Alikuwa amezibuni akilini kwa namna mia. Zilikuwa nyingi kuliko alivyobuni, nyeusi, zimesukwa mistari mipana kurudi nyuma, na kwenye kipaji kulikuwa na vinyweleo vidogo visivyokubali kusukwa. Sikio moja lilikuwa na kovu dogo la kutoga. Shingo ilikuwa ndefu. Ussi akageuza uso upande, haraka, kama alivyofundishwa.

"Tazama tu," Chiku akasema. "Si dhambi tena."

"Chiku, mama amekubali. Amesema mara tatu."

"Nimesikia. Nimemsikia anavyojifundisha." Akaligeuza birika, mdomo ukaelekea kwa Ussi. "Huyo mtoto wa beseni ndiye aliyemzuia asijitupe majini. Unataka akae mbele ya Maalim aseme hakuwa wake. Halafu mimi nizae, nimpe mtoto ziwa, yeye amekaa pale ananitazama."

"Nitaishije?"

"Sijui," akasema. "Na mimi sijui. Nawa mikono."

Nje sauti za wanaume zikapiga hodi. Mzee Saadi, na nyingine nzito, ya Maalim Yussuf. Wakakaribishwa, wakakaa, kiti kikasogezwa. Maalim akauliza huyo mgonjwa wa kuoa yuko wapi, akitaka kupunguza uzito. Kisha akauliza alichojia. Alimtaka Bi Habiba aseme kwa Mwenyezi Mungu anavyokumbuka, bila kuzidisha na bila kupunguza.

Kutoka pale kwenye kigoda chake, kupitia milango miwili iliyo wazi, Bi Habiba aliweza kuona mpaka chumba cha ndani. Aliona sinia. Aliona kichwa cha bintiye kilicho wazi, na kijana ameinama mbele yake ametoa mikono miwili, na maji yanamiminwa.

"Siku kumi na moja, Maalim," akasema. "Mchana na usiku. Sikuhesabu. Nilimnyonyesha mpaka akanenepa."

Ussi akakata tonge la kwanza, akalitia mdomoni, na Chiku akamsogezea kipande cha samaki kisicho na miba.